Marehemu mama yangu aliandikiwa faini ya maegesho hapa Kasongo, nami nikakata rufaa

Wakuu, salamu kwenu, pamoja na dada zangu mnaosoma humu kimya kimya bila kuandika.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe katika msimu huu wa mvua. Sikuongeza chumvi, kwa sababu hayakuhitaji. Kila mtu nitakayemtaja yuko hai isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeandikiwa faini.

Mimi ni mkuu wa masomo katika shule moja ya sekondari hapa Kasongo. Kwa cheo hicho mjini wananiita Mama Prefe. Nina pikipiki, au moto kama tunavyosema huku, niliyoinunua kwa mshahara wangu, na risiti ya dukani ina jina langu.

Mama yangu alifariki miaka miwili iliyopita. Aliuza mchele sokoni tangu mimi sijaanza shule, na wauza mchele wenzake wakigombania nafasi au kipimo, yeye ndiye aliyeitwa kuamua. Baada ya mazishi nilimpelekea fundi wa rangi baveti ya moto yangu, lile bapa la mpira linaloning'inia nyuma ya gurudumu, akaniandikia kwa herufi nyekundu: MAMA MWAVITA.

Niwaeleze jambo ambalo wageni wa kusini mwa jimbo letu la Maniema hawalijui. Huku moto nyingi hazina namba. Tunazitambua kwa maandishi ya baveti. Ukimuuliza mtu aliyetoka Salamabila amekutana na nani njiani, hatakutajia rangi wala aina. Atakuambia alimpita Sina Haraka kwenye daraja, na kwamba Mungu Anajua amekwama kwenye matope kabla ya Wamaza. Ni utaratibu mzuri. Umetufaa miaka yote, mpaka ofisi ilipoamua kuutumia.

Siku ya faini, saa nne asubuhi, nilisimamisha moto kando ya barabara kubwa, nikaingia dukani kununua chaki na madaftari ya wito, yale ya mahudhurio. Ni pale pale tunapoegesha sote, mbele ya ukuta wa ofisi inayoshughulikia barabara za mji. Sikukaa hata nusu saa.

Nilipotoka, gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa mnyororo na kufuli, na karatasi imechomekwa chini ya kiti.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kosa: kuegesha mahali palipokatazwa. Jina la mkosaji: Mama Mwavita. Jinsia: mke. Kazi: haijulikani. Chini kabisa palikuwa na visanduku viwili, na kilichotiwa alama kilisema: mkosaji amekataa kutia sahihi.

Wakuu, nimefundisha miaka ishirini na miwili. Nimesoma barua za wazazi, nimesoma visingizio vya wanafunzi vya kila namna. Sijawahi kusoma sentensi iliyonikera kama hiyo. Mama yangu amekataa kutia sahihi.

Niliingia ofisini. Ajenti aliyeandika ile karatasi alikuwa ameketi mlangoni, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya njano, mgeni mjini, mpole hata katika kukukasirisha. Kwanza nilimwomba anionyeshe katazo lenyewe. Alinyanyuka bila kinyongo, akanipeleka ndani, akafunga mlango, na nyuma ya mlango palibandikwa tangazo la kukataza kuegesha mbele ya jengo hilo.

Nilimuuliza mtu aliye barabarani angelisomaje tangazo lililo nyuma ya mlango.

"Anaingia anasoma, Mama."

"Na moto yake anaiacha wapi wakati anasoma?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kisha akasema swali hilo ni la shefu, mkubwa wake wa kazi.

Nikaja kwenye jina. Nilimweleza kwamba Mama Mwavita si mimi, kwamba lile ni jina la marehemu lililo kwenye baveti, na kwamba mwenye moto nimesimama mbele yake. Hakushtuka.

"Mimi ninaandika jina yenye moto inabeba," alisema. "Sina Haraka nilimuandika Sina Haraka, akakuja, akalipa. Mungu Anajua vilevile. Hakuna mwenye alilalamika."

Hapo mtaniuliza, kama walivyoniuliza wote: kwa nini hukulipa ukaenda zako? Faini haikuwa kubwa. Nilikuwa nayo mkobani, na nilikuwa tayari kuitoa saa ileile.

Lakini ili ulipe, ilibidi utie sahihi kwenye mstari unaosema: mkosaji anakiri kosa lake na kuomba radhi. Na kwa kuwa mkosaji hayupo, ningetia sahihi kwa niaba yake. Yaani mimi, binti yake, nikiri kwa maandishi kwamba Mama Mwavita alivunja sheria ya mji. Kalamu niliishika. Mkono ulikataa.

Nikasema nitakata rufaa.

Shefu wa ofisi alinipokea siku ya pili. Nilimwonyesha risiti ya dukani yenye jina langu. Aliiweka kando ya ile karatasi ya kosa, akalinganisha, akanirudishia akisema risiti hii haihusiki, maana hii ni ya moto yangu mimi, na moto iliyofungwa ni ya Mama Mwavita. Kama nina ushahidi wa moto ya Mama Mwavita, niulete.

Nilimwambia ni moto moja. Alinijibu kwa upole uleule wa ajenti wake, nadhani wanafundishwa, kwamba rufaa hupokewa kutoka kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa. Aje Mama Mwavita mwenyewe, aseme moto si yake, na jambo litakwisha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Ningeweza kuvumilia kutembea. Lililonishinda lilikuja siku chache baadaye. Ofisi hiyo ina ubao mweusi kwenye ukuta unaotazama soko, na juu yake wanaandika kwa chaki majina ya wakosaji ambao hawajalipa. Nilikuwa sokoni kununua mboga, na Mama Sifa, aliyeuza mchele bega kwa bega na mama yangu, hakunisalimu kama kawaida. Aliendelea kupepeta mchele wake, kisha akasema bila kuinua macho:

"Mama Prefe, mama yako alifanya nini na Leta? Tuko tunasoma jina yake pale kila asubuhi."

Leta ni serikali, kwa wasiojua msemo wetu. Nikageuka nikatazama. Lilikuwa la tatu kutoka juu, chini ya Sina Haraka, ambaye naona alirudia kosa.

Nilijaribu kumweleza Mama Sifa habari ya baveti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba yeye ananielewa vizuri, lakini ubao hausemi hivyo, na watu wanaopita wanasoma ubao. Mwanamke aliyekuwa kando yake akacheka kidogo, akasema basi hata waliolala udongoni wajihadhari na wale watu.

Tangu siku hiyo sikutaka moto tu. Nilitaka jina lile litoke ukutani, na litoke kwa sababu hakukosa.

Nikapeleka cheti cha kifo. Nilidhani nimemaliza. Shefu alikisoma pande zote mbili, akanipa pole, pole ya kweli, akauliza alikuwa mgonjwa wa nini. Kisha akasema kwamba sasa mambo yamebadilika. Kama mwenye moto amekufa, moto ni urithi, na yeye hawezi kumkabidhi mrithi mmoja mali ya marehemu bila karatasi ya baraza la familia. Nimletee makubaliano ya ndugu, yenye sahihi zao wote.

Naomba msome tena hapo, wakuu, kama mimi nilivyolazimika kuyasikia mara mbili. Familia yangu ilitakiwa kukutana ili iniachie kitu ambacho haikuwahi kurithi, kwa sababu aliyekiacha hakuwahi kuwa nacho.

Mama alizaa wawili tu, mimi na Amisi. Amisi ananunua na kuuza dhahabu Salamabila. Nilimpigia simu nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa.

"Yaya," alisema, na huku yaya ni dada au kaka mkubwa, "kama Leta inasema moto ilikuwa ya mama, mimi ni nani nipinge Leta? Basi nusu ni yangu. Nitachukua gurudumu ya mbele."

Tulicheka wote. Nilipompigia kesho yake kumkumbusha kuja, hakucheka tena. Alisema atakuja, na kwamba tutazungumza vizuri tukikutana. Sauti yake haikunipendeza.

Mjomba Daudi, kaka wa mama, alikuja kutoka Wamaza akiwa amebebwa nyuma ya moto ya watu, matope mpaka magotini. Ni katekista mstaafu mwenye mwandiko mzuri sana, na hapendi kitu duniani kama kikao chenye kumbukumbu. Alikuwa ameleta karatasi zake mwenyewe, akiwa na wasiwasi kwamba za Kasongo ni nyembamba. Amisi alifika Jumamosi asubuhi. Tukaketi sebuleni kwangu.

Mjomba alifungua kikao kwa sala, akaandika agenda: moto. Akasoma kwa sauti karatasi ya kosa, na alipofika kwenye kukataa kutia sahihi aliondoa miwani, akaifuta, akaisoma tena.

Kisha akamuuliza Amisi kama ana neno.

Nilikuwa nimejitayarisha. Risiti yangu ilikuwa mezani. Nilidhani atasema nusu, au atadai nimlipe kitu, na nilishapanga majibu kwa mpangilio, kama mtu anayekwenda kwenye ukaguzi.

Amisi hakuitazama risiti. "Moto ni yake, Mujomba. Kila mutu anajua. Mimi sitaki moto," alisema. Kisha akanigeukia. "Lakini uliandika mama nyuma ya moto yako bila kuniambia, Yaya. Minapita Kasongo ninaona watu wanakuamkia sababu ya ile jina. Ni kama alizaa wewe peke yako."

Mjomba alikuwa amesimamisha kalamu.

Ni kweli sikumuuliza. Yeye alikuwa machimboni, mimi nilikuwa hapa na huzuni yangu, na nilidhani huzuni ile ni yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Nilimwomba radhi mbele ya mjomba. Alisema basi, imekwisha, andika Mujomba. Mjomba akauliza kama hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu, na Amisi akasema hapana, lile liache.

Tukatia sahihi nakala tatu.

Jumatatu tulikwenda ofisini, mimi na mjomba. Amisi alikuwa amerudi Salamabila alfajiri. Shefu alipokea karatasi, akasifia mwandiko, akagonga mhuri, akatoa uamuzi wa rufaa. Mnyororo ukafunguliwa. Nilipewa nakala ya uamuzi, na kwa desturi yangu nikausoma kabla ya kutoka.

Ulisema: kosa limezimika kwa sababu ya kifo cha mkosaji.

Nikatoka nje kutazama ubao. Ajenti wa kofia ya njano alikuwa ameshafika na chaki yake. Hakufuta jina. Alikuwa ameongeza neno moja mbele yake, kwa herufi nzuri za kukoleza: amekufa.

Kwa hiyo, baada ya majuma matatu, cheti kimoja, kikao kimoja cha familia, na mzee mmoja kuvuka matope ya njia ya Wamaza, hali ilikuwa hivi: mama yangu ni mkosaji, na amekufa hajalipa.

Mjomba alikuwa ameanza kupanda moto. Nilimwomba ateremke.

Nilirudi kwa shefu, na hapa nakiri kwamba nilizungumza kwa sauti ninayoitumia kwa darasa la nne. Nilimwambia sikuja kutangaza kifo, nilikuja kusema kwamba hakukosa. Alinisikiliza, akafungua droo, akatoa kile kitabu cha makosa, akanionyesha. Kila ukurasa una namba. Akichana mmoja, wakaguzi wa jimbo wakija kutoka Kindu watasema amekula faini. Akiandika kwamba hakukuwa na kosa, watamuuliza mnyororo ulifungwa kwa nini. Kosa lilikuwepo, alisema, na kosa lazima liwe na mtu.

Na nitawaambia ukweli, hapo ndipo nilipomwelewa kwa mara ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kurasa zenye namba.

"Basi niandike mimi," nikasema. "Niliyeegesha ni mimi. Weka jina langu, umtoe yeye."

Alikifunga kile kitabu. Alisema hakuna aliyewahi kuja kuomba faini, na kwamba isitoshe haiwezekani, kwa kuwa mimi sikukamatwa. Aliyekamatwa siku ile ni Mama Mwavita. Ukurasa mpya unahitaji kosa jipya. Kama lingekuwepo kosa jipya, mahali palepale, moto ileile, na mtu aliye hai, basi kwenye ukurasa wa zamani angeweza kuandika: imefutwa kwa makosa ya jina, tazama ukurasa fulani. Hilo wakaguzi wangelielewa.

Mjomba Daudi akauliza: "Shefu, kosa jipya linachukua muda gani?"

Tukatoka. Niliisukuma moto yangu hatua kumi mpaka palepale, mbele ya ukuta, nikaisimamisha kwenye stendi, nikasimama kando yake.

Ajenti hakuja.

Alikuwa akinywa chai. Nilimwona kupitia mlango, naye aliniona. Tulisubiri. Siku ile ya kwanza nusu saa ilimtosha kuandika, kufunga mnyororo na kupotea. Sasa mkosaji yupo, amesimama na mkoba begani, na hakuna anayemkamata. Wauza mchele walianza kusogea. Mama Sifa aliniuliza nangoja nini, nikamwambia nangoja faini, akaenda kuwaita wengine. Mtu mmoja aliyekuwa akifungasha mzigo wa kwenda Lusangi alisema kwa sauti kwamba mwaka huu Leta imepata wateja.

Mjomba ndiye aliyekwenda kumgonga ajenti bega na kumwambia, kwa heshima, kwamba nje kuna uvunjaji wa sheria.

Alikuja na kitabu chake. Alizunguka moto mara moja, taratibu. Kisha, kwa mazoea, akainama nyuma kusoma baveti, na kalamu ikaanza kushuka kwenye karatasi.

Niliona herufi ya kwanza. Ilikuwa M.

Akasimama. Akainua kichwa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, na akauliza:

"Mama, weye mwenyewe unaitwa nani?"

Nikamwambia. Jina langu nalo linaanza kwa M, kwa hiyo hakulazimika kuharibu ukurasa. Kwenye visanduku vya chini alitia alama kile cha pili, kwamba mkosaji yupo na ametia sahihi. Alisema ni mara yake ya kwanza kukitumia. Nikakiri kosa langu, nikaomba radhi, nikalipa hapohapo, na kitambaa chenye maji kikapita juu ya jina la mama yangu. Mama Sifa alisubiri mpaka ubao ulipokauka. Kisha akarudi kwenye mchele wake akisema sasa anaweza kuuza kwa amani.

Kwa hiyo katika rufaa yangu nilishindwa. Nimeandikwa mkosaji wa maegesho katika mji niliozaliwa, na ndiyo karatasi pekee ya serikali ninayoitunza pamoja na diploma.

Nilichojifunza ni kidogo. Someni karatasi mpaka mstari wa mwisho kabla ya kulipa, kwa sababu pesa hurudi lakini sahihi hairudi. Mkikutana na mtu wa kurasa zenye namba, msimwombe achane ukurasa. Muulizeni anahitaji ukurasa gani mwingine. Na mkitaka kuandika jina la mzazi mahali watu watakapolisoma, waambieni ndugu zenu kwanza. Hilo la mwisho halihusu ofisi yoyote, na ndilo lililonigharimu zaidi.

Ningependa kusikia kutoka kwenu. Je, yuko mtu humu, wa mji wowote, aliyewahi kukata rufaa ya faini ya maegesho na kuambiwa kwa maandishi kwamba hakukosa? Kama yupo, aeleze alipita wapi. Tangazo la kwenu nalo limebandikwa upande gani wa mlango?

Nimalizie kwa hili. Juzi Amisi amenitumia picha kutoka Salamabila. Ni moto yake, imeoshwa, na ina baveti mpya yenye herufi nyekundu kama zangu: MAMA MWAVITA. Chini yake ameandika kwamba safari hii ananijulisha mapema.

Nimemjibu kwamba amefanya vizuri sana, na kwamba siku atakapokuja Kasongo, aegeshe nyumbani kwangu na sokoni aende kwa miguu.